Ganjoni na Sindano ya Miezi Mitatu

Kabla ya Kenya kuanzisha mpango wa kitaifa wa kupanga uzazi mwaka 1967, mwari wa Mombasa alifundwa mambo ya unyumba na somo wake, yaani mwanamke mzima aliyekabidhiwa malezi hayo, na kliniki zilipokuja zilimkuta na elimu yake. Ganjoni, mtaa wa Mombasa, imo katika historia hii kwa sababu nyingine: tangu 1993, katika kliniki ya manispaa iliyopo hapo, watafiti waliwafuatilia wanawake waliofanya biashara ya ngono, na matokeo ya 1998 yakaihusisha sindano ya miezi mitatu, ambayo ni homoni inayozuia yai kupevuka, na ongezeko la maambukizi ya VVU. Hofu hiyo ilidumu kwa muda mrefu, hadi utafiti wa wanawake 7,829 wa nchi nne za Afrika, Kenya ikiwamo, ulipoonyesha mwaka 2019 kwamba sindano, kitanzi cha shaba na kipandikizi havikutofautiana sana kwa hatari ya kuambukizwa VVU. Miongoni mwa wasichana wa vyuo vya leo, dawa inayotajwa sana ni P2, vidonge vya dukani vya kuzuia mimba kwa dharura, ambavyo huchelewesha yai kutoka, havifai kitu likishatoka, wala havizuii VVU.