-jivunia, -jigamba na -tamba katika lugha ya habari

Vitenzi -jivunia, -jigamba na -tamba vina maana zinazokaribiana, na mara nyingi huchukuliwa kuwa visawe. Katika uandishi wa habari, hata hivyo, haviwezi kubadilishana nafasi, kwa sababu kila kimoja hubeba hukumu tofauti juu ya anayetajwa.

Umbo na sarufi. Kitenzi -jivunia ni kauli ya kutendea ya -jivuna. Kitenzi -jivuna hakichukui yambwa, na huashiria kiburi: *Tangu apandishwe cheo anajivuna.* Kitenzi -jivunia huchukua yambwa bila kihusishi, na huashiria fahari: *Wakenya wanajivunia ushindi wa Eliud Kipchoge.* Kwa hiyo *wanajivuna ushindi* na *wanajivunia kwa ushindi* ni makosa.

Nchi, mji au taasisi kuwa kiima. Sentensi *Tanzania inajivunia Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895* inakubalika, kwa kuwa jina la nchi linasimama badala ya wananchi, na mlima mrefu kuliko yote barani Afrika ni jambo la fahari. Hali ni tofauti katika *Hoteli hiyo inajivunia vyumba 40.* Hapa kinachokusudiwa ni *ina vyumba 40*. Fahari ni ya mwenye hoteli, na mwandishi ameiazima bila kutaja mwenyewe. Habari imekuwa tangazo.

Hatari huongezeka pale kinachohesabiwa ni haba. Anayeandika *Wilaya inajivunia zahanati mbili* huenda amegeuza upungufu kuwa sifa. Kipimo chepesi ni kuweka *ina* mahali pa *inajivunia*. Ikiwa taarifa haikupungua chochote, *ina* inatosha. Ikiwa fahari yenyewe ndiyo habari, mwenye fahari hiyo atajwe.

Kuripoti kauli. Linganisha sentensi hizi:

1. Mbunge alisema barabara itakamilika mwezi Juni.
2. Mbunge alijigamba kuwa barabara itakamilika mwezi Juni.
3. Mbunge alijinasibu kuwa mtetezi wa wanyonge.

Ya kwanza inamwachia msomaji uamuzi. Ya pili inamweleza kwamba mbunge anajikweza, ingawa ahadi iliyoripotiwa ni ileile. Ya tatu inatia shaka: katika matumizi ya sasa, anayejinasibu ni mtu anayejipa sifa ambayo wengine hawajamthibitishia. Ikiwa barabara itakamilika kwa wakati, sentensi ya pili itakuwa imemdhulumu msemaji. Isipokamilika, kilichomfaa msomaji ni ushahidi: fedha zilizotengwa, kilomita zilizokwisha kujengwa, tarehe ya mkataba. Kitenzi hakiwezi kufanya kazi ya ushahidi.

Kurasa za michezo. Hapa majigambo ni sehemu ya mchezo, na *Mabondia watambiana kabla ya pambano* haimvunjii mtu heshima. Tahadhari iliyopo ni ya maana: -tamba ni kujigamba, na pia ni kung'ara au kushinda. *Kocha atamba* kabla ya mechi ni maneno yake. *Timu yatamba ugenini* baada ya mechi ni matokeo. Kichwa cha habari kisichoonyesha wakati huo huweza kumfanya msomaji adhani timu imekwisha kushinda.

Kwa wafasiri. Kitenzi cha Kiingereza *boast* hutumika kwa mtu anayejisifu na pia kwa mahali penye kitu cha kuvutia. Kiswahili hutenganisha dhana hizo. Kwa mtu, chagua kati ya *-jigamba*, *-jisifu* na *-jitapa* endapo muktadha unathibitisha majivuno; usipothibitisha, *-sema* au *-eleza* hutosha. Kwa mahali, anza na *-na* au *kuna*, na uitumie *-jivunia* pale tu penye watu wanaoona fahari hiyo. Wahenga walikwisha kusema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.