Mkulima na Mazoea Yake: Mafunzo Kutoka Nchi ya Pamba



Katika kuadhimisha mwaka wa kumi wa Chama chetu Kikuu, tumeona yafaa tusihesabu marobota na maghala peke yake, bali tulitazame jambo lililo gumu kuliko yote katika ukulima, nalo ni kubadili mazoea. Wahenga walinena kwamba mazoea yana taabu. Jembe jipya hununuliwa kwa siku moja, lakini desturi ya kulima haigeuki kwa siku moja. Basi twasimulia hapa habari za nchi yetu ya Ziwa, ili tujue ni jambo gani lililomgeuza mkulima, na ni jambo gani lililomfanya ashupaze shingo.

Tuanze na kisiwa cha Ukara, kilicho kaskazini ya Ukerewe. Kabla Bwana Shamba wa kwanza hajatia mguu huko, Wakara walikuwa wakifunga ng'ombe zizini na kuwakatia majani, wakipeleka samadi shambani, wakijenga kuta za mawe ili udongo usichukuliwe na mvua, na kupanda katikati ya uwele mimea ya jamii ya kunde inayorutubisha ardhi. Hapana aliyewaamuru. Ardhi ilikuwa ndogo na watu wengi. Asiyeitunza angekufa njaa. Lakini Wakara wengi waliohamia bara, ambako mashamba yalikuwa tele, waliziacha kazi hizo nzito. Watu walikuwa wale wale na maarifa yale yale. Twajifunza hapa kwamba mkulima si mjinga kama alivyodhaniwa na wengi. Hupima jasho lake na faida yake, kisha huamua.

Kipimo hicho hakikuzingatiwa na Serikali ya Kiingereza ilipoanzisha Mpango wa Maendeleo wa Usukuma mwaka 1947. Nia yake ilikuwa kuokoa ardhi, na baadhi ya mafundisho yake yalikuwa ya kweli. Watu waliamriwa kutia samadi, kufunga matuta ili maji yasikimbie, kupanda mihogo kwa ajili ya njaa, na kupunguza ng'ombe. Aliyeasi alitozwa faini. Lakini samadi ilibebwa kichwani mwendo mrefu, maana wenye mikokoteni walikuwa wachache. Matuta yalitaka kazi wakati ule ule ambao mvua inamhimiza mtu apande. Tena ng'ombe ndiye akiba, ndiye mahari, ndiye mwokozi wa mwaka mbaya. Kumpunguza kwa amri kulikuwa kama kumwambia mtu achome fedha zake. Chuki ikakua. Baada ya machafuko ya Geita ya mwaka 1958, sheria hizo za kulazimisha hazikuwa na nguvu tena. Huko Uluguru nako, mwaka 1955, amri ya kuchimba matuta ya ngazi milimani ilileta ghasia na kifo, na mpango ule ukavunjika.

Katika miaka hiyo hiyo, wakulima hao walioitwa wagumu walikuwa wakibadilika upesi kwa upande mwingine. Walinunua majembe ya kukokotwa na ng'ombe, wakafyeka mapori, wakapanua mashamba, wakapokea mbegu bora zilizotoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru. Zao la pamba likaongezeka mara kadhaa. Hata hivyo tusijidanganye: ongezeko lile lilitokana zaidi na ukubwa wa mashamba kuliko na utunzaji wa udongo, na deni hilo la ardhi bado twalilipa.

Ni nini kilichowatia moyo? Bei nzuri, bila shaka. Lakini pia mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima, wakiongozwa na Paul Bomani na wenzake, walichoshwa na wanunuzi waliopunja uzito, wakaamua kujipimia pamba yao wenyewe kabla ya kuiuza. Mwaka 1953 vyama vya kwanza vikaandikishwa, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, ambalo baadaye lilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Mtu aliyeona uzito wake wa haki alipata sababu ya kuongeza jasho.

Tena imani hiyo ikapungua. Mwaka 1966 kamati iliyoteuliwa na Rais ilichunguza ushirika ikakuta upunjaji na ubadhirifu, na safari hii wenye lawama walikuwa watu wetu wenyewe. Mwaka 1976 Serikali ikavunja vyama vikuu. Vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Biashara ya pamba ilipofunguliwa mwaka 1994, wanunuzi waligombea mzigo bila kuangalia ubora. Pamba safi na pamba fifi zikauzwa kwa bei moja. Ni nani basi angekaa uani kutwa nzima akichambua? Desturi njema iliyojengwa kwa miaka mingi ikalegea kwa misimu michache.

Kwa hiyo twawaambia viongozi wenzetu neno moja bila kuficha. Tukitaka mwanachama achambue, karani wa ghala asichanganye alichokichambua. Tukitaka apande kwa nafasi, mbegu zifike kabla ya mvua. Tukitaka asiuze kwa walanguzi usiku, malipo yasicheleweshwe. Katika miaka yetu kumi tumeona kwamba chama cha msingi kinachoweka mizani mbele ya macho ya wote hakihitaji hotuba nyingi.

Nanyi wanachama, iko kazi ambayo hata bei njema haiwezi kuifanya peke yake. Kung'oa na kuchoma masalia ya pamba baada ya mavuno hakumfai anayefanya peke yake, maana wadudu wa jirani hawajui mpaka. Hapo ndipo ushirika unapopita biashara. Wazee wetu wa Usukuma walikuwa na basumba batale, waliowaita vijana wa kijiji kwenda kulima pamoja, na aliyekosa bila sababu aliwajibika kwa wenzake. Amri ya boma ilishindwa pale ambapo makubaliano ya majirani yaliweza.

Basi katika mwaka wa kumi na moja, kila chama cha msingi na kikae kabla ya msimu, kikubaliane siku moja ya kuchoma masalia, na kichague wanachama wawili wa kusimama kwenye mizani. Haya mawili yakifanyika, mengine yatafuata.

Mungu aubariki ushirika wetu na kazi ya mikono yetu.