CFM International

CFM International ni ubia wa kuunda injini za ndege ulioanzishwa mwaka 1974 na General Electric ya Marekani na Snecma ya Ufaransa (sasa Safran), kila upande ukiwa na nusu. Boeing 737-800 za Kenya Airways huruka kwa injini zake za CFM56.

Serikali ya Marekani ilihofia siri za kijeshi zilizomo katika kiini cha injini. Ikakubaliwa kiini kitengenezwe Marekani, kisha kisafirishwe Ufaransa. Sharti hilo la mashaka likageuka kuwa nguzo: Wamarekani hushughulikia sehemu inayochoma mafuta, Wafaransa pangaboi kubwa la mbele na magurudumu ya nyuma yanayolizungusha. Kila mmoja hubeba gharama za upande wake, mapato wakagawana. Hakuna haja ya kupekuliana vitabu vya hesabu, jambo ambalo huenda limeepusha ugomvi mwingi.

Wateja wa kwanza walipatikana mwaka 1979 tu.

Watengenezaji magari Renault na Nissan, walioungana mwaka 1999, walipita njia nyingine. Renault ilifikia hisa takriban 43% za Nissan, zenye kura. Nissan ilipata 15% za Renault, zisizo na kura, na manung'uniko hayakuisha hadi hisa ziliposawazishwa mwaka 2023. Mkataba wa CFM, kwa upande wake, uliongezwa mwaka 2021 hadi 2050.