Safu ya Lugha: Tetesi au makisio?

Tetesi za usajili zimetuzoesha neno hilo hata sasa tunalibandika kwenye magari. Agosti 2022 kampuni ya Dodge ya Marekani ilitangaza kwamba gari lake la Challenger lingekoma kuundwa mwaka 2023, na kwamba yangetoka matoleo saba maalumu ya kuagana; la saba likafichwa. Aliyesema litakuwa Demon jipya, yaani Challenger ya nguvu nyingi, hakuhitaji kunong'onezwa na mtu: alitazama Demon la 2018, akapima. Hayo ni makisio, kutokana na kukisia, neno ambalo asili yake ya Kiarabu ni kupima. Tetesi ni maneno ya chinichini. Uvumi ni habari iliyokwisha kuvuma bila kujulikana mwenyewe. Fununu ni dokezo la jambo lililopo ila halijatangazwa.

Utauliza: kama makisio nayo hayana uthibitisho, yana tofauti gani na uvumi? Tofauti ni msingi. Mwenye makisio ukimdai hesabu yake, anayo. Machi 2023 kweli likatoka Demon 170, lenye nguvu za farasi 1,025 likitumia mafuta ya ethanoli. Lakini hata lingetoka jingine, yale yangebaki makisio halali. Waandishi wa magari, penye hoja andikeni "inakisiwa", na tetesi waachieni wanaoteta.