Nyasi Chini, Udongo Juu: Mashimo ya Ngoro ya Umatengo

Mwezi Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, miteremko ya Mbinga mkoani Ruvuma hufanana na daftari la hesabu lenye miraba. Nyasi zilizofyekwa kwa nyengo zimeachwa zikakauka, kisha zimepangwa kwa mistari: mmoja unashuka na mlima, mwingine unaukatiza. Mama anaingia katikati ya mraba wenye upana wa mita moja na nusu hadi mbili hivi, anachimba kwa jembe na kuutupia udongo juu ya nyasi, pande zote nne. Akitoka, nyasi hazionekani tena. Kuna shimo, na kuna tuta lililolizunguka. Maharage yanapandwa kwenye tuta. Shimo linabaki wazi.

Hilo ndilo ngoro, na Wamatengo wameishi nalo kwa zaidi ya karne moja. Simulizi za wazee husema lilitokana na shida. Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliingia Ruvuma wakitokea kusini, na Wamatengo wakakimbilia milimani kujificha. Huko juu watu walibanana kwenye miteremko mikali, na hapakuwa na nafasi ya kuhamahama kila shamba linapochoka. Udongo waliokuwa nao ndio huohuo, na mvua ilikuwa tayari kuuteremsha mtoni.

Sehemu kubwa ya watu wanaolitazama ngoro huona kinga dhidi ya mmomonyoko tu, na ni kweli: maji ya mvua hutulia shimoni, huacha tope lake, kisha huzama polepole. Lakini kinachostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni jinsi mkulima wa Kimatengo anavyoyatumia magugu.

Kwingine palizi ni vita. Magugu hung'olewa, hurundikwa kando ya shamba na kutiwa moto, na sehemu kubwa ya naitrojeni iliyokuwamo hupotea na moshi. Umatengo nyasi za kuanzia shamba hazichomwi; huzikwa. Zikifukiwa hukosa mwanga wa kuota tena, na zikioza ndani ya tuta huwa chakula cha maharage. Maharage huvunwa kiangazi. Novemba au Desemba mahindi hupandwa juu ya matuta yaleyale, na magugu yanayopaliliwa hutupwa shimoni, pamoja na mabaki ya mavuno. Mahindi yakishavunwa shamba hupumzika, majani yanaota, hadi Machi nyingine. Hapo matuta mapya hujengwa juu ya mashimo ya zamani. Gugu lililomsumbua mkulima kwenye mahindi sasa liko chini ya mizizi ya maharage yake.

Wakoloni wa Kiingereza waliliona. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika kuhusu hifadhi ya udongo ya Wamatengo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Inasikitisha kwamba somo lile halikufika mbali. Miaka ya 1950 serikali iliwalazimisha Waluguru wa Morogoro kuchonga matuta ya ngazi milimani kwao. Kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, na pale udongo mzuri ulipokuwa mwembamba, kuchonga kulifukua ule usio na rutuba. Mwaka 1955 hasira zililipuka kuwa ghasia na mpango ukafa. Matuta ya Uluguru yaliamriwa kutoka ofisini; ya Umatengo yalitoka mikononi mwa waliokuwa wanategemea kula hapohapo.

Hata hivyo ngoro lisipambwe kupita kiasi. Wanaume hufyeka na kupanga nyasi, kazi ya siku chache. Kuchimba, kupanda na kupalilia ni kwa wanawake, na jembe hilo ni zito. Kahawa, iliyoingia Umatengo miaka ya 1920, ilileta fedha, lakini nayo ilitaka ardhi na mikono. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walikwenda Mbinga kujifunza ngoro, wakakuta ardhi imebana na muda wa kupumzisha mashamba umefupika.

Mkoani humohumo, upande wa Songea, kuna jibu jingine. Peramiho, mahali Wabenediktini walipojenga misheni mwaka 1898, Padri Gerold Rupper aliitangaza kwa bidii marejea, mmea wa jamii ya kunde wenye maua ya njano. Marejea hujipatia naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizini, na ikistawi vizuri hufunika ardhi na kuyanyima magugu mwanga. Mkulima huikata na kuizika, kama Mmatengo anavyozika nyasi zake. Tofauti ni kwamba hii ameipanda mwenyewe. Magharibi mwa Kenya mmea huohuo ni mboga ya majani, mitoo kwa Waluo na miro kwa Waluhya, na mafungu yake hayakosekani sokoni.

Anayetaka mbegu huacha mistari michache bila kuikata. Maganda yakikauka, mbegu huachia na kubaki huru ndani, na upepo ukipita shamba zima hulia kama kayamba. Hapo ndipo gunia huletwa.