Jurij Zdovc baina ya Roma na Limoges

Jurij Zdovc, mzaliwa wa Maribor mnamo mwaka 1966, alikwisha kupata sifa katika klabu ya mpira wa kikapu ya Olimpija ya Ljubljana, na nishani ya fedha ya Olimpiki ya Seoul, na ubingwa wa dunia wa 1990, ilipomfikia mwishoni mwa Juni 1991, akiwa Roma na timu ya Yugoslavia katika mashindano ya Ulaya, amri ya serikali ya Slovenia, iliyokuwa imetangaza uhuru siku chache tu kabla, kwamba asicheze tena chini ya bendera ile. Alitii. Wenzake wakatwaa ubingwa bila yeye, na sijui habari ya mpira wa kikapu yenye huzuni kuliko hiyo: mtu kutenganishwa na sahibu zake kwa sababu ya kuzaliwa kwa taifa lake.

Akahamia Bologna, kisha Limoges, mji wa Ufaransa ulio mashuhuri kwa vyombo vya kauri, ambako mwalimu Božidar Maljković aliisuka timu yenye subira na ulinzi mkali. Na mwaka 1993, jijini Athens, ikaishinda Treviso ya Toni Kukoč, mwenziwe wa zamani, kwa 59 kwa 55, na kuwa klabu ya kwanza ya wanaume ya Ufaransa kutwaa kombe la mabingwa wa Ulaya wa mpira wa kikapu. Wako waliosema mchezo ule hauna ladha, hawakuutendea insafu. Baadaye Zdovc alicheza Ugiriki na Uturuki, akarejea Ljubljana, na mwaka 2009, akiwa mwalimu, akaifikisha Slovenia nafasi ya nne barani.