Kinyonga Hakukosea, Sisi Ndio Tulimskiza Ndege

Wasee, leo sina vichekesho. Wiki hii nimefuta video yangu moja ya zamani na wengi wenu mliiona. Ni ile ya kinyonga ndani ya tangi la samaki, mimi nikiwaelezea ati "njia rahisi ya kufuga kinyonga nyumbani". Hakuna kitu nimewahi kuweka hapa kikatazamwa vile. Shida ni kwamba karibu kila kitu nilichosema mle ndani kilikuwa makosa, na yule kinyonga alikufa siku ya kumi na tisa. Hiyo sikuwaambia.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Ploti moja karibu na kwetu hapa Syokimau ilikuwa inafyekwa ijengwe maghorofa, nikamwona anatembea chini, mchana kweupe, kwenye udongo mwekundu kando ya barabara. Nikasema huyu gari litamkanyaga, wacha nimwokoe. Nikamtafutia tangi la kioo, bakuli la maji, na vipande vya sukuma wiki. Maarifa yangu yote niliyaokota kwa video tatu za watu wa nje, kila mmoja akiongelea kinyonga wa aina tofauti. Mimi sikujua kuna aina tofauti.

Alikuwa mnene. Kwenye video nilisema, "Ona vile ameshiba." Alikwaruza kile kioo kutwa nzima. Nikasema anacheza. Siku nilipomzika niliskia tumbo lake kwa vidole, vitu vidogo vigumu vimejaa kama maharagwe. Yalikuwa mayai. Yule mama alikuwa ameshuka mtini kutafuta mahali pa kuchimba atage, na mimi nikamweka ndani ya kioo bila hata kijiko cha udongo.

Hapo ndipo nilianza kusoma. Nilitaka tu kujua nilikosea wapi, nikajikuta kwenye historia ndefu kuliko nilivyodhani. Na ukiifuata hiyo historia utaona kitu kimoja kinajirudia: kinyonga wetu amekuwa akiumizwa na habari mbovu inayoenda mbio kuliko ile ya kweli.

Tuanze na susu wangu. Anaishi Mwala, na kinyonga hamgusi hata umlipe. Sababu ni hadithi ambayo Wakamba wameisimulia miaka mingi. Mulungu alimtuma kinyonga awaambie watu kwamba wakifa watafufuka. Kinyonga akafika, watu wakakusanyika, akaanza: nimetumwa, nimetumwa niwaambie... Kigugumizi kikamshika. Ndege aliyekuwa hapo akadakia, akasema watu wakifa watapotea kama mizizi ya mshubiri. Basi neno la ndege ndilo likashika. Kule Afrika Kusini Wazulu wana hadithi inayofanana na hii, ila kwao anayewahi na habari ya kifo ni mjusi.

Nimeiskia hiyo hadithi tangu nikiwa mdogo, na mafunzo yake siku zote yalikuwa kwamba kinyonga ni mkosi. Ndiyo maana watoto wanampiga mawe. Ndiyo maana mtu mzima na akili zake anaruka akimwona, na kinyonga hana sumu hata kidogo. Lakini hebu rudia hadithi polepole. Nani alikuwa na ujumbe sahihi? Ni kinyonga! Aliyeharibu ni yule aliyeongea haraka, na watu wakamkubali kwa sababu hawakuwa na subira ya kungoja sentensi iishe. Manze, huo si ndio mtandao wetu wa leo?

Sasa twende kwa vitabu. Mwaka 1896, mwanasayansi George Albert Boulenger, akiwa kwenye jumba la makumbusho kule London, aliandika maelezo ya kinyonga wa Kenya mwenye pembe tatu usoni. Akampa jina la Frederick Jackson, ofisa wa kikoloni aliyekuja kuwa gavana wa Uganda. Mpaka leo dunia nzima inamwita kinyonga wa Jackson. Wenyeji wa maeneo ya Mlima Kenya walikuwa wanamjua kabla babu yake Jackson hajazaliwa, lakini haya, jina likashika. Afadhali 2006 tulirudishiwa kitu kidogo: wanasayansi waliunda kundi jipya la vinyonga wakaliita Kinyongia, kutoka kwa neno letu la Kiswahili. Ndani ya kundi hilo yuko Kinyongia boehmei, ambaye nyumbani kwake ni milima ya Taita.

Zile pembe tatu ndizo zilimletea Jackson balaa. Watu wa Marekani na Ulaya walimwona kama dainosari mdogo wa kuweka mezani. Mwaka 1972 kundi la vinyonga hawa lilitolewa Kenya kwa kibali na kupelekwa Hawaii, kwa mwenye duka la wanyama katika mji wa Kaneohe, kisiwa cha Oahu. Walifika wamechoka na safari, wamekonda. Yule mwenye duka akawaachilia bustanini kwake wapate nguvu. Kwa nia nzuri kabisa, kama mimi na tangi langu.

Hawakurudi. Jackson hatagi mayai, anazaa watoto hai, na kwa mara moja wanaweza kufika ishirini na zaidi. Milima ya Hawaii ina ubaridi na mvua kama kwao. Wakazaana, watu wakawabeba kutoka kisiwa hadi kisiwa, na leo wanakula wadudu na konokono wa asili wa Hawaii ambao hawapatikani kwingine popote. Serikali ya huko imekataza kuwahamisha kutoka kisiwa kimoja hadi kingine. Kiumbe ambaye kwetu ni wa kawaida, huko amekuwa mharibifu. Hakuchagua kwenda.

Kenya ilifunga biashara ya kuwatoa nje mwaka 1981. Tanzania, ambayo nayo ilikuwa inauza vinyonga wengi nje, ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Hapa kwetu, sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuruhusu umtoe mnyama wa porini ukamfuge bila kibali, na kinyonga ni mnyama wa porini hata akipatikana kwenye ua wa mama yako. Mimi nilivunja sheria mbele ya kamera na nikawaambia mnifuate.

Na msidhani hizi ni habari za kale. Mwezi Mei 2025, mahakama ya pale uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ambao ndege zake zinapita juu ya paa letu usiku na mchana, iliwahukumu watu wanne kwa kujaribu kusafirisha siafu nje. Ndio, siafu! Wawili kati yao walikuwa vijana wa Ubelgiji, rika letu, waliokutwa Naivasha na siafu kama 5,000 kwenye vichupa vyenye pamba. Kila mmoja wa wanne alitozwa faini ya shilingi milioni moja au jela miezi kumi na miwili. Kuna watu nje wanaofuga siafu kama burudani, wanabadilishana maelekezo, na hiyo hamu ikifika kwetu inageuka mtu anayechimba udongo wa Naivasha. Kinyonga alishapitia njia hiyo miaka hamsini iliyopita.

Najua swali lenu kwa sababu nilikuwa nalo. Mbona mzungu amfuge kinyonga wa Mlima Kenya ndani ya nyumba yake, na mimi niliyezaliwa naye ua moja nikatazwe? Ni swali la haki, na linauma. Jibu langu ni hili: wengi wa wale wanaofugwa nje siku hizi walizaliwa nje, kwa wazazi waliozaliwa nje au kwenye misitu ya Hawaii. Hapa kwetu kila kinyonga unayemwona kwenye tangi ametolewa kwa mti fulani. Ukimtoa umepunguza mmoja. Ukiwa na wafuasi elfu kumi na mia kati yao wakakuiga, umepunguza mia moja na moja.

Tena sisi tunamhitaji huko nje. Mtaa wetu una jina la mwanamke Mkamba, Syokimau, ambaye wazee wanasema aliiona reli kabla haijaja, akaieleza kama nyoka mrefu. Reli ikafika Nairobi 1899. Novemba 2012 ikafunguliwa stesheni yetu ya Syokimau, halafu 2017 ikaja SGR. Kila njia mpya imeleta nyumba, na kila nyumba inang'oa michongoma na bogenvilia na kuweka ukuta wa mawe wenye waya wa stima. Kinyonga hawezi kuishi kwenye ukuta wa mawe. Ukitaka kufuga kinyonga Syokimau, fuga ua. Acha upande mmoja uwe na miti, usipulize dawa ya wadudu, na atakuja mwenyewe.

Sasa nirekebishe makosa yangu moja moja, kwa sababu kufuta video pekee ni kama kujificha.

Nilisema anakunywa kwa bakuli. Hapana. Kinyonga hulamba matone kwenye majani, ya mvua au ya umande. Anaweza kukauka akifa huku bakuli limejaa mbele yake. Macho yakiingia ndani, amekosa maji.

Nilisema tangi la kioo ni sawa. Wanaofuga kihalali kule nje wengi wao hutumia kizimba cha neti, kirefu kwenda juu, chenye matawi, ili hewa ipite. Wanaweka pia taa maalumu inayotoa miale kama ya jua, kwa sababu bila miale hiyo na bila madini ya chokaa mifupa yake inalainika na kupinda. Jackson tena anahitaji usiku wenye baridi. Hii si kazi ya pesa ya mfukoni.

Nilisema anakula sukuma wiki. Wa kwetu hapa anakula wadudu walio hai: panzi, nyenje, nzi.

Nilisema anabadilisha rangi afanane na chochote unachomwekea, na nikamweka juu ya shati la kitenge muone. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva uliotoka 2015 ulichunguza ngozi ya kinyonga wa Madagaska na kuonyesha kwamba ana chembe ndogo za fuwele zinazosogeleana na kuachana, na hapo rangi hubadilika. Kikubwa kinachoziendesha ni hali yake, kama kukutana na mwenzake, hasira, woga, joto au baridi. Yule wangu aligeuka karibu mweusi juu ya shati, nikacheka, nikasema anajaribu kufanana. Alikuwa anaogopa.

Na nilisema anapenda kushikwa. Kinyonga anaishi peke yake. Akitulia mkononi mwako, usidhani amekuzoea.

Kwa hivyo ombi langu kwa yeyote aliyefuata video yangu: ukiwa na kinyonga ndani ya nyumba sasa hivi na ulimtoa karibuni, mrudishe pale pale ulipomtoa, asubuhi jua likishachomoza, kwenye kichaka chenye majani mengi. Akiwa amedhoofika au umekaa naye muda mrefu, ongea na ofisi ya KWS iliyo karibu nawe. Ukimkuta anavuka barabara, msukume taratibu apande kijiti, umvushe upande aliokuwa anaelekea, kisha umwache. Na ukiona ni mnene na anatembea chini, hajapotea njia. Anaenda kutaga.

Mimi nilimzika yule wangu chini ya mwarobaini ulio nyuma ya nyumba yetu. Mwaka huu ua wa jirani umebaki, hajaukata, na juzi jioni nilihesabu wawili wadogo humo ndani. Nimewapiga picha kwa mbali na sitawaambia ni ua gani.